Maji Yaliyomo na Maji Yatokayo

Mwamba wa mchanga wa Bentheim huchimbwa Ujerumani, karibu na mpaka wa Uholanzi. Kipande chake kilichokatwa mviringo, kipenyo milimita 38 na urefu sentimita 7, hukaa vizuri kiganjani. Ukikigonga kwa ufunguo kinalia. Kikikuangukia kwenye kidole cha mguu huhitaji mwanasayansi akueleze kuwa hilo ni jiwe. Sasa kikaushe ndani ya oveni usiku kucha, kipime kwenye mizani, kitie ndani ya chupa nene, ufyonze hewa yote uwezavyo, kisha uyaachie maji yaingie. Kwa dakika chache utaona vipovu vyembamba vikichomoka pembeni, kimoja huku, kingine kule, mpaka jiwe linyamaze. Litoe, lifute kwa kitambaa chenye unyevu, lipime tena. Limeongezeka gramu 18 hivi. Maana yake ni kwamba karibu robo ya jiwe lile halikuwa jiwe. Lilikuwa nafasi tupu kati ya chembe na chembe.

Kazi hiyo ya kulowesha na kupima ndiyo iliyonipokea Uingereza, nilipokwenda kusomea shahada ya uzamivu baada ya kumaliza fizikia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nilitarajia sumaku kubwa na kompyuta. Nikakabidhiwa mizani, oveni na sanduku la mawe. Mwalimu wangu alisema kwamba mtu asiyejua kwa mizani jiwe lake limeshika maji kiasi gani hana ruhusa ya kuliuliza kwa sumaku. Wakati ule niliona ananichelewesha. Baadaye nilimwelewa, na sababu nitaieleza.

Lakini hata mizani ina mwisho wake. Inakwambia maji yaliyomo ni kiasi gani, basi. Haikwambii yanaishije humo ndani, yapi yamefungwa na yapi yako huru, wala yatatoka au hayatatoka. Na hilo la kutoka ndilo lililokuwa kichwani mwangu tangu zamani, kwa sababu mjomba wangu ni fundi wa visima. Amechimba Manyoni, Singida, Bahi, hadi vijiji vya nje ya Dodoma, nchi ya mawe ya granaiti ambako mvua ni ya msimu mmoja. Ana msemo wake anaoutoa kila kisima kinapomgomea: "Maji yapo, ila hayatoki." Nikiwa mwanafunzi wa sekondari nilimsindikiza likizo moja nikayaona kwa macho. Mtambo ulikuwa unatoa udongo wa mfinyanzi uliolowa, mzito, unaonata kwenye viatu. Ukiufinya mkononi unahisi ubaridi wa maji. Wanakijiji wakaanza kushangilia. Mjomba hakushangilia. Aliuviringisha ule udongo kati ya vidole, akautupa, akawaambia vijana waendelee kushuka. Pampu ilipokuja kuwekwa, kisima kile kilitoa maji ya ndoo kadhaa, kikakauka, kikahitaji kusubiriwa.

Sasa tuingie kwenye sumaku. Kila molekuli ya maji ina haidrojeni mbili, na kiini cha haidrojeni kina usumaku wake mdogo mno. Kikiwa ndani ya sumaku yenye nguvu, kiini hicho huyumba kwa mzunguko wa kasi maalumu: mara milioni 42.58 kwa sekunde kwa kila tesla moja ya nguvu ya sumaku. Ukikipiga kwa mawimbi ya redio ya kasi hiyo hiyo, viini vyote vinalazwa upande na kuanza kuyumba kwa pamoja. Ukizima redio, vinaendelea kuyumba, na waya uliozungushwa kwenye jiwe unaipokea ishara yao. Jambo hili kwenye maji na vitu vya kawaida lilithibitishwa mwaka 1946 na makundi mawili ya Marekani ambayo hayakuwa yakishirikiana, la Edward Purcell kule Harvard na la Felix Bloch kule Stanford, na mwaka 1952 wakubwa hao wawili wakagawana Tuzo ya Nobel.

Ishara hiyo haidumu. Hufifia, na kazi yetu yote imejengwa juu ya kufifia huko. Maji yaliyo ndani ya glasi ishara yake huchukua sekunde mbili hadi tatu kupotea. Maji yale yale ukiyatia ndani ya jiwe la mchanga, muda unashuka hadi mamia ya milisekunde au chini yake. Ukiyatia ndani ya mfinyanzi, ni milisekunde chache tu. Maji hayajabadilika. Kilichobadilika ni kwamba sasa yana kuta. Molekuli ya maji haitulii. Inatangatanga ovyo, na kila ikigusa ukuta wa jiwe, hasa ukuta wenye chuma au manganizi, kuna uwezekano wa mwendo wake wa pamoja na wenzake kuvurugwa. Mtu anayetembea gizani ndani ya chumba kidogo hugusa ukuta mapema kuliko aliye ndani ya ukumbi. Kitundu kikiwa kidogo, ishara hufa upesi. Kikiwa kikubwa, hudumu. Kwa hiyo ukipima muda wa kufifia umepima ukubwa wa vitundu, bila kulipasua jiwe.

Hesabu inayounganisha mambo hayo iliwekwa wazi na Brownstein na Tarr mwaka 1979, na kinachonifurahisha ni kwamba wao hawakuwa wakishughulika na mawe hata kidogo. Walikuwa wakieleza maji yaliyomo ndani ya chembe hai. Watu wa mawe wakaichukua ile hesabu kama ilivyo, wakaenda nayo, na leo karibu kila makala ya fani yetu inawataja.

Namna ya kuipata ishara yote kabla haijapotea nayo ina historia yake. Erwin Hahn aligundua mwaka 1950 kwamba baada ya ishara kuonekana imekwisha, pigo jingine la redio linaweza kuirudisha kama mwangwi. Carr na Purcell wakaipanga miangwi hiyo mfululizo mwaka 1954, Meiboom na Gill wakairekebisha mwaka 1958, na mpangilio huo ndio tunaoutumia mpaka kesho. Unapiga pigo moja, kisha mamia au maelfu ya mapigo yanayofuatana, na kila pigo linakurudishia mwangwi uliofifia kidogo kuliko uliotangulia. Mkunjo unaopatikana unauchambua kwa kompyuta: sehemu hii ya maji imedumu milisekunde 3, hii 40, hii 300.

Hapo ndipo msemo wa mjomba unapopata namba. Kwa mawe ya mchanga, wataalamu wa visima vya mafuta huweka mpaka wa milisekunde 33. Maji yanayofifia kabla ya hapo huhesabiwa kuwa yameshikwa, ama na mfinyanzi ama na vitundu vyembamba mno, na hayatatoka kwa mvuto wa kawaida. Yanayodumu zaidi ya hapo yako huru kutiririka. Namba hiyo haikuteremka kutoka mbinguni. Waliipata kwa kuchukua vipande vya mawe vilivyojaa maji, kuvipima kwa sumaku, kuvizungusha kwa mashine ya kasi kubwa mpaka maji yanayoweza kutoka yatoke, kisha kuvipima tena. Kwa mawe ya chokaa mpaka unaotumika sana ni milisekunde 92, kwa sababu kuta zake hazina ukali uleule wa kuua ishara. Udongo ule wa Manyoni ulikuwa umejaa maji ya milisekunde chache. Mjomba alilijua hilo kwa vidole.

Siwezi kupita hapa bila kusema ni nani aliyelipia elimu hii. Hawakuwa watu wa maji. Makampuni ya mafuta yalitaka kujua kisima kilichochimbwa kwa mamilioni ya dola kitatoa mafuta au kitatoa maji, na kitatoa kiasi gani. Kwa hiyo tangu miaka ya 1960 wamekuwa wakiteremsha vipimo vya namna hii shimoni, vya mwanzo vikitegemea sumaku ya dunia yenyewe. Baadaye watafiti wa Los Alamos, Marekani, wakabuni namna ya kuteremsha sumaku inayotazama nje, jiwe likiwa limeizunguka, badala ya jiwe kuwa ndani ya sumaku. Sisi wa maji tuliokota makombo ya karamu hiyo. Makombo mazuri, nakiri, lakini mtu ajue yametoka meza ya nani.

Mtu niliyempenda zaidi katika historia hii ni Peter Mansfield wa Nottingham. Aliacha shule akiwa na miaka 15, akafanya kazi kwenye uchapaji, kisha kwenye idara ya serikali ya roketi, ndipo akarudi kusoma usiku hadi chuo kikuu. Dunia inamjua kwa mashine ya MRI ya hospitali, na mwaka 2003 alipata Nobel ya tiba pamoja na Paul Lauterbur, Mmarekani aliyechapisha mwaka 1973 picha ya mirija miwili midogo ya maji. Lakini makala ya Mansfield ya mwaka huo huo haikuwa na mgonjwa wala mgongo wa mtu. Aliuliza kama sumaku inaweza kuonyesha mpangilio uliomo ndani ya kitu kigumu. Halafu miaka ya 1990, tayari akiwa na jina kubwa, akageukia mawe. Yeye na mwenzake Issa walipitisha maji ndani ya mwamba wa Bentheim, wakatumia mbinu yake ya picha za haraka kupima maji yanakwenda kasi gani katika kila sehemu ya jiwe. Nilizisoma makala hizo nikiwa na jiwe la namna hiyo hiyo mezani kwangu, na nikapata moyo kwamba kazi yangu si ya pembeni.

Ya maabarani. Sumaku haipendi chuma, na majaribio ya kupitisha maji ndani ya jiwe kwa shinikizo yamejaa chuma. Pampu ni ya chuma, kwa hiyo inakaa chumba cha pili, na mirija ya plastiki inapita kwenye tundu la ukutani. Kishikio cha jiwe ni cha plastiki ngumu. Jiwe limevikwa mpira, na nje ya mpira kuna kimiminika kinachoubana ili maji yasikimbilie pembeni badala ya kupita ndani ya jiwe. Kimiminika hicho kwa kawaida kingekuwa maji au mafuta, lakini vyote viwili vina haidrojeni na sumaku ingevisikia kuliko jiwe lenyewe. Kwa hiyo hutumika kimiminika cha florini kisicho na haidrojeni hata moja. Ni ghali mno, na kikimwagika hakuna anayecheka.

Fundi wetu wa maabara, mzee wa Kiingereza aliyekaribia kustaafu, alikuwa na desturi moja. Kabla hatujaacha jaribio liende usiku kucha, alichukua karatasi ya chooni, akaikata vipande vyembamba, akafunga kimoja kwenye kila kiungo cha mirija. Asubuhi alipita na tochi kuangalia kipi kimelowa. Vifaa vya umeme vya kutambua uvujaji vilikuwepo na vilifanya kazi. Karatasi ilikuwa inamwambia ni kiungo kipi hasa, na saa ngapi kwa kukadiria, maana tone likishaanza hupanua doa. Nimeirithi desturi hiyo. Wanafunzi wangu walicheka mwanzoni, sasa wananunua karatasi wenyewe.

Siku moja tuliletewa jiwe la mchanga lenye mistari ya kahawia. Tulilijaza maji, tukalipiga picha, na katikati yake ukatokea mkanda mweusi, mweusi kabisa. Mgeni mmoja aliyekuwepo, mtu wa cheo, akasema bila kusita kwamba hapo hapana maji: tabaka limeziba, kavu. Na kweli picha ilionekana hivyo. Katika MRI penye maji panang'aa, pasipo na maji panakuwa peusi. Ndivyo wengi wanavyojua. Lakini mizani ilikuwa imesema tofauti. Uzito wa maji tulioyaingiza haukuweza kutosha ndani ya sehemu zilizong'aa peke yake. Yalizidi, na yale ya ziada hayakuwa na pengine pa kukaa isipokuwa ndani ya mkanda mweusi. Baadaye jiwe lilikatwa, likatazamwa kwa hadubini, na chembe za mkanda ule zikaonekana zimefunikwa kutu ya chuma. Maji yalikuwemo tele. Ishara yake ilikuwa ikifa kabla ya mwangwi wa kwanza kufika, na kifaa hakiwezi kuandika kilichokufa kabla hakijaanza kusikiliza.

Nikafikiri sana juu ya mkanda ule. Si hivyo tu, kuna weusi wa namna nyingine. Maji yakikimbia kwa kasi ndani ya ufa, yale uliyoyapiga kwa redio yanakuwa yamekwishatoka kwenye sehemu unayoipiga picha kabla mwangwi haujarudi, na ufa unaonekana mweusi. Ufa ule ule ukiwa mkavu, mweusi vilevile. Kwa hiyo weusi mmoja unaweza kuwa ukavu, au maji yaliyokabwa na kuta, au maji yenye mbio kuliko yote yaliyomo jiweni. Anayeitazama picha bila kujua ilivyopigwa anaweza kuita mto jangwa. Tangu hapo nimekuwa na tabia, hata nikiletewa ripoti ya mambo yasiyohusu mawe, ya kuuliza kwanza: aliyehesabu alikuwa na uwezo wa kuona nini? Kijiji kisicho na wagonjwa kwenye daftari la zahanati huenda hakina wagonjwa, na huenda hakina barabara ya kufika zahanati.

Kutu ile ya chuma ndiyo sababu watu wa mawe hawaikimbilii sumaku kubwa kama ya hospitali, ya tesla 1.5. Kadiri sumaku inavyokuwa na nguvu, ndivyo chuma kilichomo ndani ya jiwe kinavyozivuruga ishara kwenye kila kitundu. Tunatumia sumaku dhaifu ya tesla 0.05 hivi, yenye redio ya megahezi 2, inayokaa juu ya meza na haihitaji heliamu ya kuipoza. Picha zake si za kupendeza kutundikwa ukutani. Namba zake, hata hivyo, huaminika zaidi.

Sasa mwendo wenyewe. Mwaka 1965 Stejskal na Tanner walionyesha namna ya kuipa kila molekuli alama ya mahali ilipo. Unawasha kwa muda mfupi sumaku ya nyongeza ambayo nguvu yake inapanda kutoka upande mmoja wa jiwe hadi mwingine. Unazima. Unasubiri, tuseme sekunde moja. Unawasha tena kwa kinyume. Molekuli iliyobaki palepale, pigo la pili linafuta kabisa alama ya la kwanza. Iliyosogea inabaki na tofauti, na tofauti hiyo inakueleza imesogea umbali gani. Huoni molekuli mojamoja. Unapata mgawanyo: asilimia fulani zimesogea hivi, asilimia fulani hivi.

Nilipouona mgawanyo huo kwa mara ya kwanza nilidhani kifaa kimeharibika, kwa kuwa baadhi ya maji yalionekana yanarudi nyuma. Pampu inasukuma mbele, na maji mengine yanakwenda nyuma! Mwalimu wangu akaniambia niketi nipige hesabu. Molekuli ya maji kwenye nyuzi 25 za selsiasi, bila kusukumwa na mtu, hutangatanga kiasi cha mikromita 70 kwa sekunde moja kuelekea upande wowote. Maji ya chini ya ardhi yanayosafiri sentimita 30 kwa siku, na hiyo si kasi ndogo, yanasogea mikromita 3.5 tu katika sekunde hiyo. Kutangatanga ni mara ishirini ya safari. Karibu nusu ya molekuli za maji yanayokwenda kisimani mwako, kwa sekunde yoyote utakayochagua, hazielekei kisimani. Mtiririko ni ile ziada ndogo inayobaki baada ya kutangatanga kote kujifuta. Henry Darcy alipoandika sheria yake ya maji kupita kwenye mchanga, kwa ajili ya mabomba ya mji wa Dijon mwaka 1856, aliipima ziada hiyo kwa silinda iliyojaa mchanga, bila kuhitaji kujua habari za molekuli, na sheria yake bado inatumika.

Jambo lililonishughulisha zaidi lilitokea tulipobadilisha jiwe. Ndani ya mwamba wa Bentheim, maji husafiri kwa umoja kiasi: yapo ya mbele na ya nyuma, lakini kundi zima linasonga. Tukaweka jiwe la chokaa la Portland, lile lile lililojengewa kanisa kuu la St Paul's la London. Mgawanyo ukavunjika sehemu mbili. Sehemu kubwa ya maji ilibaki pale pale ilipokuwa, kana kwamba pampu haikuwashwa, huku mkia mwembamba ukikimbia mbele sana kuliko wastani. Wastani wa kasi katika jiwe kama hilo ni namba isiyoelezea maji yoyote: ni molekuli chache tu zinazokwenda kwa kasi ya wastani. Kuna zilizolala kwenye vitundu vidogo, na kuna zilizopata njia.

Anayetoka pwani atatambua mara moja jambo hili linamhusu vipi. Unguja, Pemba, Mombasa, Tanga, sehemu nyingi zimekaa juu ya chokaa ya matumbawe ya kale. Watu wanachimba kisima huku na choo cha shimo kule, na kipimo kinachotumika ni hatua: kiwe mbali hatua kadhaa. Kwenye mchanga hatua hizo zina maana, maana maji yanakwenda pamoja na polepole. Kwenye chokaa, wastani unaweza kukupa matumaini ilhali ule mkia mwembamba umekwishafika kisimani. Na ubaya wa pili unakuja baadaye. Maji ya bahari yakiingia kwenye kisima kwa sababu ya kuvutwa sana, watu husema tukiacha kuvuta na mvua zikinyesha, chumvi itasafishika. Ile ya kwenye njia kuu itasafishika upesi. Ile iliyojipenyeza kwenye vitundu vilivyolala haina mkondo wa kuitoa. Inatoka kwa kutangatanga tu, kidogo kidogo, na kuendelea kuyatia chumvi maji mapya yanayopita. Nimeona grafu hiyo ikijichora ndani ya jiwe la sentimita 7, kwa maji mazito yenye dyuteri, ambayo sumaku iliyowekwa kwa haidrojeni ya kawaida haiyasikii. Tuliyaingiza, tukasukuma maji ya kawaida nyuma yake, tukangoja ishara irudi. Nusu ya kwanza ilirudi haraka. Iliyobaki ilituweka hadi usiku wa manane.

Niliporudi nyumbani mjomba alikuwa na swali moja tu, na alikuwa amelingoja kwa miaka. Je, mashine hiyo inaweza kuja Manyoni?

Kuna inayoweza. Mwishoni mwa miaka ya 1970 wanasayansi wa Novosibirsk, Urusi ya Kisovieti, walianza kazi ya kuacha sumaku zote za kutengeneza na kutumia sumaku ya dunia yenyewe. Unatandaza waya juu ya ardhi, mzunguko wa mita 100 hivi kwa upana, unapitisha umeme mkubwa kwa makumi ya milisekunde, unaukata, na waya ule ule unasikiliza maji yaliyo chini, hadi mita 100 na zaidi kwenda chini ikiwa hali ni nzuri. Ukiongeza umeme unasikiliza kina kirefu zaidi. Wafaransa wakatengeneza kifaa cha aina hiyo cha kuuzwa miaka ya 1990, na kimetumika Afrika Magharibi, Niger na Benin zikiwemo. Katika vyombo vyote vinavyotafuta maji kutoka juu ya ardhi, hicho ndicho kinachosikia maji yenyewe. Vingine vinapima umeme au mtetemo wa ardhi, halafu mtaalamu anakisia.

Kwetu kuna shida zake. Sumaku ya dunia ni dhaifu karibu na ikweta. Katikati ya Tanzania ni mikrotesla 33 hivi, ilhali Ufaransa ni kama 47. Na kwa kuwa nguvu hiyo inaingia kwenye hesabu mara mbili, mara ya kwanza katika kuviamsha viini na ya pili katika kuvisikia, ishara yetu ni karibu nusu ya yao kwa kiasi kile kile cha maji. Inakuja kwa mtetemo wa hezi 1,400 hivi, ambao ungekuwa sauti masikio yako yangeusikia. Nyaya za umeme na radi huingilia. Granaiti yetu, iliyooza juu na kupasuka chini, haishiki maji mengi. Na udongo mwekundu una chuma, yaani ule mkanda mweusi wa maabara umetandazwa juu ya nchi nzima. Milisekunde 33 za mawe ya mchanga ya watu wa mafuta haziwezi kuhamishiwa hapo kama fomu ya serikali. Lazima mtu achukue sampuli za kwetu, azijaze, azizungushe, azipime, atafute mpaka wa kwetu.

Nilimweleza mjomba yote hayo kibarazani kwake, na yeye alikuwa anasikiliza huku akisafisha meno ya bomba la kuchimbia kwa brashi ya waya. Alielewa haraka kuliko baadhi ya wanafunzi wa mwaka wa pili. Habari ya kufifia upesi na kufifia polepole hakuhitaji kuelezwa mara mbili.

"Kwa hiyo itaniambia yaliyomo na yatakayotoka," akasema.

"Itakukadiria, mjomba. Bado utapima kwa pampu."

"Hilo sawa. Na maji ya chumvi, yale ya kule Singida, itayatofautisha na matamu?"

Nikamwambia ukweli. Kiini cha haidrojeni ni kile kile, kwenye maji ya ziwa Singidani na kwenye maji ya mvua. Sumaku inasikia maji, chumvi haiisikii.

Aliweka brashi chini, akalitazama bomba lake.

"Basi, mjomba," akaniambia, "nyie sikilizeni. Kuonja nitaendelea kuonja mwenyewe."